Beowulf ya Heaney, lugha mbili: nilifuata mazimwi nikakuta watu wanaodaiwa maneno yao

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeibana kwa sababu mbili, nusu ya muuzaji na nusu ya Heaney mtafsiri mwenyewe, zote nitazisema.

Nianze na muuzaji tumalizane naye. Kitabu niliagiza onlaini, tangazo limeandikwa kipya kabisa, nikalipa, nikasubiri mpaka nikasahau kama nina oda, siku kinafika nafungua bahasha nakuta kitabu cha mtu, yaani kina mwenyewe. Kona za kava zimekunjamana, gundi ya mgongo imekauka hadi kurasa za mwanzo zinachomoka kama karata, alafu kuna mtu kapita humo ndani na kalamu ile ya njano ya kukolezea maandishi, kapaka kila panapotajwa mkono, upanga, nguvu na damu. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu kwa kunitumia kidole gumba. Hakuandika hata neno moja, kidole gumba tu. Duka silitaji na kwao sirudi.

Ila huyo mwenye kalamu ya njano nimeishia kumpenda. Anapaka kwa bidii, anapaka mkono wa zimwi Grendel unavyong'olewa, anapaka pambano la chini ya maji, anapaka hadi zawadi, alafu Beowulf, shujaa mwenyewe, akipanda tu chombo kurudi kwao njano inakata. Kuanzia hapo mpaka mwisho, habari yote ya joka, kurasa nyeupe pee. Jamaa kakimbia. Wanaoijua hadithi washacheka, wengine subirini tutafika.

Sasa kitabu chenyewe. Beowulf, kwa ambaye hajawahi kukutana nayo, ni shairi la mistari 3,182 la Kiingereza cha kale, kile cha Waanglo-Saksoni, ambacho Mwingereza wa leo ukimpa asome anatoa macho kama wewe tu. Aliyelitunga hajulikani. Hadithi yenyewe wala haiko Uingereza, iko Denmark na kusini mwa Sweden, ila waliolitunga na kulitunza ni Waingereza. Nakala ya mkono imebaki moja dunia nzima, iliandikwa kwenye mwaka 1000 hivi na waandikaji wawili, wa kwanza kaishia njiani kwenye mstari wa 1,939 wa pili akapokea, na sasa iko British Library, London. Mwaka 1731 nyumba ilimokuwa inahifadhiwa ikashika moto, kitabu kikaokolewa kingo zimebabuka, na miaka iliyofuata ngozi ikawa inamegeka pembeni herufi baada ya herufi. Bahati nzuri bwana mmoja wa Iceland, Thorkelin, alipata nakala zake miaka ya 1780 kabla hazijadondoka zote. Nikikumbuka hiyo, hasira zangu za gundi zinapoa kidogo.

Toleo ninaloliongelea ni la Seamus Heaney, mshairi wa Ireland Kaskazini, yule wa Nobel ya 1995, tafsiri yake ilitoka 1999. Chukueni lile la lugha mbili, msikubali la Kiingereza cha sasa peke yake. Kushoto unapata maandishi asilia, kulia tafsiri, pembeni vidokezo vifupi vya nini kinaendelea, na mwishoni kuna miti ya koo ambayo utaihitaji kuliko unavyodhani, maana mfalme wa Denmark anaitwa Hrothgar, kaka yake Heorogar, mdogo wake Halga, baba yao Healfdene, mtoto wa ndugu yake Hrothulf, watoto wake wa kuwazaa Hrethric na Hrothmund, na ukumbi wao wa karamu unaitwa Heorot. Mi nilikuwa nawachanganya wote mpaka nikaelewa kumbe ni mambo ya ushairi.

Kwa sababu ushairi wao hauna vina mwishoni wala hauhesabu mizani. Sisi tuliolelewa na utenzi, mizani nane nane na kina kile kile kinachorudi mwisho wa kila ubeti, mwanzoni unaona kama shairi limevuliwa nguo. Wao wanakata mstari katikati, kila nusu ina mapigo mawili mazito, na kinachoshona zile nusu mbili ni sauti ya mwanzo ya maneno. Chukua pale Grendel anapokuja usiku: "Grendel gongan, Godes yrre bær", Grendel akitembea, amebeba ghadhabu ya Mungu. G, g, g. Ukisoma kwa sauti, na nawashauri msome kwa sauti hata kama matamshi mnabahatisha, zile g zinakuwa nyayo. Na mtunzi anarudia "com", akaja, mara tatu, kila mara karibu zaidi, kwanza kwenye giza la usiku, alafu kwenye miteremko ya ukungu, alafu mlangoni. Nilisoma hiyo usiku nikainuka nikaenda kuangalia komeo, mtu mzima mimi.

Alafu wana mafumbo yao ya kuita vitu. Bahari ni njia ya nyangumi, mwili ni nyumba ya mifupa, na mtu akianza kuongea wanasema amefungua hazina yake ya maneno. Hiyo ya mwisho ishikeni.

Maana nilichodhani nimenunua ni hadithi ya baunsa. Mtu mwenye mkono wenye nguvu za watu thelathini anavuka bahari na wenzake kumi na nne, anaua zimwi lililokuwa linakula watu wa Hrothgar kwa miaka 12, anaua na mama wa zimwi, anarudi kwao, anakuja kuwa mfalme miaka 50, anauawa na joka ambalo naye analiua. Basi. Ungeniuliza kabla sijasoma kwamba sifa za shujaa wa Kianglo-Saksoni ni zipi ningekujibu nguvu, moyo mgumu, upanga. Zipo, sikatai. Lakini nguvu humu ni mtaji tu, mtu kazaliwa nazo, na Grendel naye anazo tena za kutosha. Kinachopimwa ni kama ulichokisema mbele za watu umekifanya. Wana neno lake, "beot", ni majigambo na kiapo kwa pamoja, na Kiingereza cha leo hakina neno moja la kulibeba, ndo maana kulia kwa Heaney utaona linavaa nguo tofauti tofauti. Sisi tuna la karibu, majigambo yale ya fasihi simulizi, kivugo, mtu anasimama anajitaja jina na kujimwagia sifa. Tofauti ni kwamba ya kwao yanaangalia mbele. Hujisifii uliyoyafanya tu, unajitwisha utakayoyafanya, na waliokaa mezani ndo mashahidi wako. Ahadi ni deni tunasema, ila hapa unaweka roho dhamana.

Angalia mtunzi anavyolijenga. Beowulf kashuka tu pwani ya Denmark, mlinzi wa pwani kamsimamisha, kamsikiliza, alafu anamwambia kwamba askari mwenye akili kali lazima ajue kupima vitu viwili, maneno na matendo. Mlinzi tu, hata jina hana, na kashatoa mtihani wa shairi zima.

Huko ukumbini kuna Unferth, kalewa na ana wivu, anamchokoza mgeni: si wewe uliyeshindana na Breca baharini ukapigwa bao? Hapa nilitegemea ngumi. Hakuna ngumi. Beowulf anajibu kama mtu anayesoma risiti, tulikaa pamoja baharini usiku tano, mawimbi yakatutenganisha, nikaua mazimwi tisa ya majini, alafu anamgeukia taratibu anamwambia wewe sijawahi kusikia vita vyako vya namna hiyo, kinachojulikana juu yako ni kwamba uliwaua ndugu zako, na kama moyo wako ungekuwa mkali kama unavyodai Grendel asingekuwa anawafanyia haya humu ndani. Ukumbi ukacheka. Mi nilifunga kitabu nikatembea kidogo chumbani ndo nikarudi.

Alafu malkia Wealhtheow anapitisha kikombe, anamfikia mgeni, na Beowulf kikombe akiwa nacho anasema nitafanya tendo la kishujaa au nitafia humu humu ukumbini. Shairi linasema maneno yale yalimpendeza malkia. Maneno, jamani, misuli haijatajwa. Ile kauli ya kwenye kinywaji ndo mkataba na kile kikombe ndo mhuri. Usiku wenyewe anaweka upanga pembeni kwa sababu Grendel hajui mambo ya silaha, anataka wakutane mikono mitupu hesabu iwe safi, na hiyo nayo alishaitangaza mbele za watu.

Sasa mrudie Unferth. Wakati wa kwenda kwa mama yake Grendel, Unferth anamwazima Beowulf upanga wake, Hrunting, na hapo kuna mistari michache ambayo mi nimeisoma labda mara ishirini: hakukumbuka alichokisema akiwa amelewa, akampa silaha mtu bora kuliko yeye, mwenyewe hakuthubutu kuingia chini ya maji, na hapo akapoteza jina. Mtunzi hamtukani, hamchapi. Anasema tu hakukumbuka. Hukumu kali kuliko hiyo sijaiona humu. (Na upanga wenyewe ulishindwa kazi kule chini, haukumkata yule mama hata kidogo, kilichosaidia ni upanga wa majitu uliokuwepo kule kule.) Mwenye kalamu ya njano kapaka Hrunting vizuri kabisa, kaliacha hilo la kusahau.

Upande wa pili wa deni ni mfalme. Mfalme kazi yake kugawa, wanamwita mgawaji wa pete, na anayekula na kunywa kwake na kuvishwa deraya yake anajua siku moja atalipa kwa mwili. Hrothgar akishaokolewa na Grendel anatoa bendera ya dhahabu, kofia ya vita, deraya, upanga, na farasi wanane, mmoja ana tandiko ambalo mfalme mwenyewe alikuwa anaendea nalo vitani. Mara ya kwanza nilipita haraka nikaona kama orodha ya mahari, kumbe hapo ndo malipo yanaandikwa. Na kumbe kulikuwa na deni la nyuma pia, baba yake Beowulf aliwahi kuua mtu, ugomvi ukawa mkubwa, na aliyetoa fidia ya damu kuumaliza alikuwa Hrothgar huyu huyu. Ndo nikaelewa kwa nini shairi linapomchambua Grendel linasisitiza kwamba hakuna aliyeweza kutegemea fidia kutoka mkononi mwake. Yaani kosa lake halijaishia kwenye kula watu, anakula na halipi. Beowulf naye akifika kwao anakabidhi, mjomba wake mfalme Hygelac anapata farasi wanne, malkia Hygd anapata kidani na farasi watatu. Farasi wanane toa saba, mmoja kabaki na hakuna anayeuliza, nami nanyamaza.

Mnaodhani hiyo dhahabu ni chumvi ya washairi, mwaka 1939 kule Sutton Hoo, Suffolk, walifukua kaburi la karne ya 7, mtu kazikwa ndani ya meli ya urefu wa mita 27 hivi, na kofia ya vita yenye uso, iko British Museum hadi leo. Ukishaiona picha yake huwezi kusoma tena neno "helmeti" kizembe.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote lakini hauna pambano lolote. Beowulf karudi kutoka chini ya maji na mpini tu, ubapa wa ule upanga wa majitu umeyeyuka kama barafu kwa damu ya zimwi. Anampa Hrothgar. Mzee anaushika, anauangalia, kuna maandishi na habari za gharika iliyoyaangamiza majitu ya kale, alafu anafungua hazina yake ya maneno. Usije ukawa kama Heremod, anamwambia, yule mfalme aliyewaua waliokuwa wanakula naye meza moja na akaacha kugawa pete. Jihadhari na kiburi. Nguvu zako ni za muda mfupi, utakuja ugonjwa, au upanga, au moto, au maji, au uzee mbaya, na macho yatafifia. Anaambiwa hivyo siku ya ushindi wake, kila mtu anasubiri chakula! Nikafikiri vijana wangapi wangekaa wakasikiliza. Beowulf anasikiliza, anaenda kukaa kwa furaha kwenye kiti chake. Hiyo nayo ni sifa, hakuna anayeipaka njano.

Wanawake ni wachache na wanaumia kimya kimya, ila Hildeburh msimpite haraka, yule aliyeolewa ili kumaliza uhasama na akaishia kuagiza mwanae na kaka yake wawekwe kwenye moto mmoja wa mazishi.

Haya, nusu nyota ya Heaney. Jamaa ni fundi, neno la kwanza la shairi ni "Hwæt", ambalo watafsiri wa zamani walilifanya makelele ya tangazo, yeye kaweka "So" tu, kwa kuwa ndugu za baba yake walikuwa wanaongea hivyo. Ningekuwa mi natafsiri ningeweka "Haya". Lakini anapenda kuchomeka maneno ya kwao. Kuna "thole", kuvumilia, alilisikia kwa shangazi yake kumbe ni Kiingereza cha kale kabisa kimejificha kijijini, hilo nimelipenda. Alafu kuna "bawn" kwa ajili ya ukumbi wa Hrothgar, na hilo ni ngome za walowezi wa Kiingereza kule Ireland, anaeleza sababu kwenye utangulizi na sababu ina uzito, ila kama Kiingereza chako ni cha darasani utakuwa unasimama kila mara kutafuta kamusi. Na zile sauti za mwanzo hazishiki kila mstari, mwenyewe anakiri. Kwa hiyo kulia unapata hadithi, ngoma iko kushoto, ndo maana nasema msinunue upande mmoja.

Tumefika kule njano ilikokatikia.

Beowulf ni mzee, yuko kwenye kiti miaka 50. Mtu mmoja aliyekuwa anakimbia adhabu kaiba kikombe kwenye hazina ya joka, joka likaamka likachoma nchi, likachoma mpaka ukumbi wa mfalme. Mzee anaagiza atengenezewe ngao ya chuma tupu, anajua ya mbao haitamfaa kwa moto. Anachukua watu kumi na mmoja na yule mwizi wa kuonyesha njia. Anafika, anakaa juu ya kilima, anawaaga, anaongea muda mrefu kama wazee wanavyoongea, na shairi linasema ilikuwa mara yake ya mwisho kutoa beot. Alafu anasema kitu kilichonikaa kooni: nisingebeba upanga kama ningejua namna nyingine ya kulikabili hili, kama nilivyofanya zamani kwa Grendel. Anajieleza kwa nini kabeba silaha! Joka la moto, umri ule, na bado anaona lazima awape maelezo. Mzee anadaiwa na ujana wake mwenyewe.

Anawaambia wenzake subirini hapa, hii sio kazi yenu. Anaingia. Upanga wake Nægling unamvunjikia, na mtunzi anasema sababu ni mkono wake, mzito kuliko chuma chochote alichowahi kushika, yaani ule mtaji aliozaliwa nao ndo unamwangusha. Wenzake kumi wanakimbilia msituni kuokoa roho. Anabaki mmoja, Wiglaf, kijana, ni vita yake ya kwanza akiwa na bwana wake, na anachokisema kabla ya kuingia kwenye moshi hakina habari za ujasiri wala utukufu. Anasema nakumbuka siku ile tulivyokuwa tunakunywa, tulimwahidi bwana wetu aliyetupa hizi pete kwamba tutamlipa haya mavazi ya vita siku akipatwa na shida kama hii.

Nakumbuka. Unferth hakukumbuka, Wiglaf anakumbuka, kati yao kuna mistari zaidi ya elfu moja na mtunzi hakuonyeshi kwa kidole, anakuacha uvuke mwenyewe. Mi niliona kwenye usomaji wa pili, nikarudi nyuma kuhakikisha, na hapo ndo nikaamua nitaandika rivyu. Joka likishakufa wale kumi wanatoka msituni wamebeba ngao zao, aibu tupu, na Wiglaf anawaambia kwamba kifo ni afadhali kwa mtu yeyote kuliko maisha ya fedheha.

Lakini msidhani ni shairi la kushangilia. Wiglaf huyo huyo dakika chache baadaye anasema mara nyingi watu wengi huteseka kwa nia ya mtu mmoja, tulimshauri mfalme amwache joka alale hakusikia. Mjumbe anatabiri maadui watakuja, Wafaranka, Wafrisia, Wasweden. Mwanamke analia kando ya moto wa mazishi akiona utumwa mbele. Dhahabu yote iliyogharimu maisha ya Beowulf inafukiwa naye kwenye kilima, haiwafai kitu kama ilivyokuwa haiwafai mwanzo. Neno lake kalilipa mpaka senti ya mwisho na wananchi wake ndo wanabaki bila mfalme. Hapo nilikaa na kitabu mapajani muda mrefu kidogo.

Na neno la mwisho kabisa la shairi. Wapanda farasi kumi na wawili wanazunguka kaburi wanamsifu, wanasema alikuwa mpole kuliko wafalme wote, mwenye huruma, mwema kwa watu wake, na "lofgeornost". Heaney kasema mwenye shauku kuliko wote ya kupata jina. Sisi ukilitafsiri neno kwa neno ni mpenda sifa kupita wote, na kwetu hilo ni tusi! Nimelizungusha sana kichwani. Maneno matatu laini kama pamba alafu hilo. Ama kwao sifa ilikuwa ni mshahara halali wa mtu aliyetimiza neno, ama mtunzi katuwekea mwiba wa mwisho kwenye keki. Mi naegemea kwamba ni vyote, ila siku nyingine nikiwa na hasira nasema ni mwiba.

Ukimaliza, tafuta shairi la vita vya Maldon, fupi, mistari 325, mwanzo na mwisho vimepotea. Halimo kwenye toleo hili, lakini linaonyesha beot kwenye vita vya kweli. Mwaka 991, Essex, Byrhtnoth anawazuia Waviking kwenye mto, wanaomba walipwe waondoke, anawajibu watalipwa kwa mikuki, alafu kwa kiburi chake anawaruhusu wavuke waje nchi kavu. Anauawa. Godric anakimbia na farasi wa bwana wake, wengine kwa mbali wanadhani ni bwana anakimbia, jeshi linavunjika. Wanaobaki wanafanya nini? Ælfwine anasema tukumbuke maneno tuliyoyasema mezani tukinywa, sasa tutajua nani jasiri. Yale yale ya Wiglaf! Na mzee Byrhtwold: nia lazima iwe ngumu zaidi, moyo mkali zaidi, ari kubwa zaidi, kadiri nguvu zetu zinavyopungua. Wakafa. Mwaka huo huo Waingereza wakalipa Waviking pauni 10,000.

Wa kununua: mtu anayependa ushairi, mwalimu wa fasihi, yeyote aliyewahi kusema jambo mbele za watu akalijutia. Asiyeweza kuvumilia majina ya H asijisumbue. Na mkiagiza onlaini ombeni picha ya ndani kwanza, sio ya kava.

Hii rivyu nimeiandika kwa kutumia daftari langu, kitabu chenyewe sinacho. Binamu yangu alikiomba, nikasita, akasimama sebuleni mbele ya watu wanne, kikombe mkononi, akasema wiki mbili tu nakurudishia na kurasa zote zikiwemo. Hii ni wiki ya saba.